Kanisa Limeshaniaga, Nami Bado Niko Kamina

Mwenye kisa hiki tunamjua, ila jina lake tumeliweka kando kama alivyotuomba. Anaandika kutoka Kamina.

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini, mtoto wa kwanza katika nyumba ya mfanyakazi wa reli. Baba alizaliwa Kasai, mama ni Muluba wa upande wa Bukama, na sisi watoto ni wa kambi ya reli, maana kwingine hatukujui. Mwaka huu nilimaliza sekondari ya misheni na kupata nafasi ya chuo kikuu kule Elisabethville. Karo imelipwa, kitanda kipo, chakula kipo. Nasema hivyo mapema kwa sababu wengi mtadhani nalilia pesa. Silii pesa. Nimechoka tu.

Kanisani kwetu kuna desturi. Mtu akienda kusoma mbali, anaagwa Jumapili mbele ya wote. Mimi niliagwa kwa kishindo. Pasta aliniwekea mikono kichwani, akina mama wakanishonea shuka, mbuzi akaliwa, wazee wakatoa machozi. Walifanya mapema, kabla watu hawajatawanyika mashambani. Na ukishaagwa umekwenda: nafasi yangu kwenye kwaya alipewa mwingine siku ileile, na tangu hapo sina pa kuketi.

Baada ya hapo baba akapimwa macho. Yeye ni dereva wa treni, na dereva asiyeona vizuri taa za njiani haachiwi roho za watu. Daktari wa kambi alimwambia kwa upole kwamba kazi imefika mwisho. Sasa nyumba za kambi ni za wafanyakazi na jamaa zao, basi. Kazi ikiisha, nyumba inarudishwa. Ila mkubwa wa depo, Mzungu anayempenda sana baba, alisema kuna nafasi ya karani stesheni. Nikiichukua mimi, nyumba itaandikwa kwa jina langu na hakuna atakayehama. Anataka jibu Jumatatu.

Nisipoichukua, wote wanahamia kijijini kwa mama. Huko hakuna darasa la kumfaa mdogo wangu wa kike, na huyo ana akili kunishinda mimi. Mama hajaniambia neno. Ameanza tu kung'oa mihogo yake nyuma ya nyumba, hata ile ambayo haijakomaa. Nikimuuliza, anasema tunakula. Tunaila hivyo hivyo, midogo na michungu, na hakuna anayelalamika mezani.

Nje nako hakukaliki. Sokoni kila mtu ananiuliza, "We haujaenda bado?" mpaka nimeacha kwenda sokoni. Pasta alinikuta nyuma ya duka, nikijifanya natafuta kitu chini. Akasema, "Mutoto, bantu banakuombea ufike muzuri. Sasa minyi nitabaambia nini?" Nikamweleza habari za macho ya baba. Akasema, "Nasikia. Lakini weye ndiyo wa kwanza wa hapa kwetu kuenda kule." Wenzake baba nao wameshaanza kuniita Bwana Karani, na mmoja ameniletea kofia yake ya zamani nijaribu kama inanitosha. Inanitosha. Kila mtu amenipangia maisha, kisha ananisubiri nimshukuru.

Juzi jioni nikaona yatosha. Nikamfuata baba pale anapoketi mlangoni, nikamwambia, "Tata, nitabaki. Nitakamata ile kazi juu yenu."

"Juu yetu?"

"Ndiyo, tata."

Hakunigeukia. Akasema, "Mbele, ile zamani, haukukuwa unalala. Nilikuwa nakusikia unageukageuka ku kitanda. Tangu minyi nilisema macho imekufa, unalala muzuri."

Wasomaji, ni kweli. Chuo nakiogopa. Naogopa kuketi benchi moja na watoto wa Wazungu, nishindwe mbele yao, kisha nirudi Kamina na zile shuka za akina mama. Siku baba alipotoka kwa daktari na habari yake, kabla sijamhurumia nilijisikia mwepesi. Nilipata sababu ambayo hakuna mtu angenilaumu kwayo. Naona aibu kuandika haya, ila nimewaandikia ninyi kwa kuwa hamnijui.

Wala msidhani nyumba ni kisingizio. Nyumba inaondoka kweli, na mdogo wangu ataacha shule kweli. Ndiyo maana kichwa kinaniuma. Nikibaki, wote watasema nimefanya jambo jema, nami sitajua kamwe kama ni wema au ni woga. Nikienda ili kujionyesha kwamba si mwoga, atakayelipia ni msichana ambaye hakuulizwa lolote.

Jioni ile pale mlangoni nilidhani baba amemaliza. Akasema, bila hasira, "Kama unabaki, baki. Kama unaenda, enda. Lakini usiseme ni juu ya macho yangu. Minyi nilibeba bantu miaka mingi. Ile muzigo yako moja sitabeba." Akaniomba nimshike mkono aingie ndani, chakula kilikuwa tayari.

Tangu hapo tunaongea mambo ya kawaida tu. Nawaomba, hasa ninyi mlioacha masomo kwa ajili ya wazazi, au mlioacha wazazi kwa ajili ya masomo, msinipe maneno ya kunifariji, nimeyapata ya kutosha kanisani. Nipeni ushauri. Jumatatu nikisimama mbele ya mkubwa wa depo, nijibu nini? Na ikiwa nitabaki, nimwambie baba nimebaki kwa ajili ya nani?