Sauti Iliyobaki Redioni

Mzee Sauti alikuwa mezani, kijiko cha kwanza cha maharage hakijafika mdomoni, aliposikia redio ikitangaza kwamba rafiki yake Fundi Viatu amefariki dunia. Kilichomfanya arudishe kijiko kwenye sahani ni kwamba anayetangaza alikuwa yeye mwenyewe.

Sauti ilitaja jina la Fundi, la baba yake na la babu yake. Ikashuka pale inapopaswa kushuka, ikavuta pumzi pale inapopaswa kuvuta, kisha ikasema tangazo litarudiwa saa kumi na mbili jioni. Mkewe aliyekuwa amekaa hapo pembeni alimtazama yeye, akaitazama redio, akasema, "Mume wangu, umemuua Fundi."

Kusema kweli hakuwa amemuua mtu. Kwa miaka thelathini na mmoja alisoma matangazo ya vifo katika redio ile, na hakuwahi kuzika aliye hai. Siri yake ilikuwa ndogo. Kila karatasi ilipofika mezani, aliipigia simu familia, akatoa pole, kisha akauliza polepole, "Nani ametutoka?" Hakusoma mpaka asikie jina kutoka kinywani mwa mfiwa. Wakubwa walimcheka kwa kupoteza muda.

Mwaka jana walimfungia katika chumba kidogo wiki tatu, asome sentensi zisizo na kichwa wala miguu. Paka amepanda ukutani. Mvua haitanyesha Jumanne. Je, umefunga mlango? Masikini, akadhani anaenziwa, kwamba vijana watajifunza kwake. Wakampa mkataba wa kurasa kumi na moja, akatia sahihi kama mtu anayepokea kifurushi. Miezi miwili baadaye akaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Yeye akaenda nyumbani, sauti ikabaki kazini, ndani ya mashine. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki cha kwake kilikuwa kooni kabisa.

Alitoka mbio na kandambili, moja yake, moja ya mkewe. Kibanda cha Fundi kilikuwa kwenye kona, karibu na duka la dawa. Alimkuta marehemu amekaa kwenye kigoda chake, kiatu cha mwanafunzi mapajani, simu inalia.

"Karibu msibani," Fundi alisema. "Nimekufa tangu saa saba. Watu wanapiga kuuliza mazishi lini, nikipokea mwenyewe wanakata."

"Umefanya nini wewe?"

Fundi akaeleza. Baba mkwe wake alifariki jana yake, na mkewe akamwomba apeleke tangazo redioni kwa simu. Fomu ikafunguka. Mstari wa kwanza uliandikwa *Jina kamili*. Sasa mtu aliyejaza fomu maisha yake yote, ya shule, ya kliniki, ya kitambulisho, akiulizwa jina kamili ataandika la nani? Akaandika lake. Mstari wa pili ukauliza ndugu wa karibu, akamwandika mkwewe. Mashine haikumpigia mtu. Ilimzika mwenye jina la juu.

Walicheka mpaka mwenye duka la dawa akachungulia. Fundi ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Mama," alisema.

Mama yake Fundi alikuwa na miaka themanini na minne na moyo ambao daktari alishasema usishtuliwe. Aliishi safari ya nusu siku kutoka pale, na mjukuu wake muuguzi. Redio ndiyo ilikuwa mwenzake, na katika redio hakumwamini mtu ila Mzee Sauti, ambaye yeye mwenyewe alimlea nusu nzima, maana utotoni Mzee alishinda kwake. "Yule hasemi uongo," ndivyo alivyowaambia majirani. Walipiga simu yake, haipatikani. Mchana aliizima kuokoa chaji. Wakampigia mjukuu, ikaita mpaka ikachoka. Alikuwa zamu mpaka asubuhi, na zamuni simu hufungiwa kabatini.

"Saa saba huwa amelala," Fundi alijipa moyo. "Tukiwahi kuzuia hilo la jioni, atakuwa hajasikia."

Wakaenda redioni. Mlinzi aliyekula keki ya kumuaga alimwamkia vizuri, kisha akamuuliza kama ana miadi. Mkuu wa vipindi, binti aliyefundishwa na mzee huyo huyo namna ya kukaa mbele ya maikrofoni, alishuka mwenyewe kuwapokea.

"Baba, jamani, pole. Lakini hayo matangazo hayapiti kwangu," alisema. "Yanaingia yenyewe, yanasomwa yenyewe. Mashine haipo hata hapa jengoni. Mimi pia huyasikia redioni kama nyinyi."

"Basi niingize studio. Dakika moja tu, niseme yuko hai."

Binti aliangalia viatu vyake. "Ile studio yako tumeweka viti vibovu, Baba. Na mtu wa kusema moja kwa moja hewani hayupo mpaka kesho asubuhi." Aliona haya, na haya zile zilimuumiza mzee kuliko kama angefukuzwa. Mtu mkali unaweza kugombana naye.

Wakabakiwa na fomu ya masahihisho. Binti aliwasaidia kuijaza kwa simu ya Fundi, mstari kwa mstari, safari hii wakisoma kila neno mara mbili. Jibu lilirudi kabla hawajapepesa macho: *Samahani. Masahihisho hupokelewa kutoka kwa mfiwa. Mtumaji huyu ameorodheshwa kama marehemu.* Wakajaribu kwa simu ya mzee. Ikajibu kwamba ombi limepokelewa na litashughulikiwa ndani ya saa ishirini na nne.

Basi la mwisho la kwenda kwa mama lilikuwa limeondoka saa kumi. Wakakaa kwenye benchi la mapokezi, wazee wawili, mikono mapajani. Saa kumi na mbili kasorobo Fundi alipiga tena, na simu ikapokelewa. Aliweka spika. Mama alikuwa analia, tena kilio cha mtu aliyelia muda mrefu. Mchana ule hakuwa amelala.

"Mama! Ni mimi. Mwanao. Sijafa, Mama."

Kilio kikakatika. "Nani?"

"Mimi, Mama. Wamekosea redioni."

"Mjukuu wangu alinionya," mama alisema. "Alisema habari zimejaa, matapeli wanaiba sauti ya mtu, wanakupigia, wanajifanya mwanao. Mpaka wafu wanawaiga. Hata leo? Leo hii hii?"

Mzee Sauti akachukua simu.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi, wa redioni. Fundi yuko hapa, nimemshika mkono. Ile uliyoisikia mchana siyo mimi."

Mzee alishusha sauti, akaongea taratibu, kwa ile namna yote aliyoijua ya kuongea na wafiwa, akarudia kwamba mwanawe yuko hai. Hakuwahi kusoma kitu vizuri kuliko hapo, wala kwa hofu kuliko hapo.

"Huyu mmemwiga sana," mama alisema mwishowe. "Lakini mwenyewe nimemsikia saa saba, kwa masikio yangu, na yule hajawahi kunidanganya. Mwogopeni Mungu. Niacheni nimlilie mwanangu."

Akakata. Walipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Juu ya meza ya mapokezi, spika ilipiga mlio wa saa kumi na mbili. Mzee Sauti aliziba mdomo wake kwa kiganja, na tangazo likaanza.