Mkono Juu ya Bega la Wifi

Mtaa mzima ulimwita Pimatena, na wala hakuchukia. Fundi cherehani huyu hakumwamini mtu yeyote, hata futi yake mwenyewe. Mteja alipimwa kifua mara tatu, akaambiwa aache kubana tumbo, kisha akapimwa ya nne. Kitambaa kipya alikichomoa uzi mmoja na kuuwasha kiberiti, aone kama kweli ni pamba. Binti yake akichelewa kutoka shule, alinuswa mlangoni. Watu walimcheka, lakini nguo zake zilikaa mwilini, kwa hiyo walirudi.

Mtu mmoja tu hakuthubutu kutaniana naye: wifi yake, dada wa marehemu mumewe, muuguzi wa chumba cha dharura. Kwa miaka sita wawili hao hawakusemezana, na sababu Pimatena aliijua vizuri. Wifi alimuua kaka yake mwenyewe kwa sindano.

Pimatena aliona kwa macho yake. Mumewe, seremala mwenye afya zake, alianguka karakanani saa sita mchana, randa ikiwa mkononi. Wenzake wakampakia kwenye gari la kubebea mbao mpaka hospitali, na mkewe akaja mbio akaambiwa asubiri nje ya pazia. Pazia lenyewe lilikatwa na fundi mzembe: halikufika ukutani, likaacha mwanya wa upana wa kiganja. Akachungulia. Daktari alikuwa akikandamiza kifua cha mumewe kwa nguvu zake zote. Mgongo wa wifi ulikuwa umekiziba kitanda. Wifi akavunja shingo ya kichupa, akavuta dawa kwa sindano, akaisukuma kwenye mpira wa dripu. Hapo hapo, juu ya bega la wifi, mkono wa mumewe ukainuka.

Yu hai! Mkono ukakaa juu, vidole vimelegea, kisha ukashuka. Baada ya dakika chache kikavunjwa kichupa kingine, na mkono ukainuka tena. Mara nne. Halafu daktari akatazama saa, wote wakaacha, na wifi akatoka akiwa mkavu wa macho.

"Pole, wifi. Moyo umekataa."

Moyo ukatae vipi kwa mtu anayeinua mkono? Tangu siku hiyo mashaka yakapiga kambi kichwani mwake. Akakumbuka kwamba wiki ileile kaka na dada walizozana juu ya nyumba ya mama yao. Mwezi uliofuata wifi akapandishwa cheo. Mh! Wifi alikuja dukani mara tatu kutaka kuzungumza, na mara zote tatu aliambiwa duka limefungwa, huku cherehani ikinguruma. Binti naye alikua na maneno yaleyale masikioni: "Baba yako aliniinulia mkono. Alikuwa ananiita."

Mwaka huu hospitali ikataka mapazia mapya, ikamtafuta yeye. Alikataa, kisha akabadili nia. Aliyekosa huacha alama, na huenda angeiona. Akaenda asubuhi, futi shingoni, macho yakikagua mpaka uvunguni mwa vitanda. Chumba kilikuwa kilekile, na mwanya uleule. Nyuma ya pazia kulikuwa na sauti, naye hakuwa mtu wa kupita kwenye sauti bila kuchungulia.

Walikuwa wanafunzi wawili wa uuguzi na mkufunzi wao. Kitandani alilala mdoli wa mafunzo, mkubwa kama mtu mzima. Mwanafunzi mmoja alikuwa akikandamiza kifua cha mpira, jasho linamtoka.

"Adrenalini imeingia," alisema wa pili, sindano mkononi.

"Imeingia wapi?" mkufunzi akamkoromea. "Huyu moyo wake umesimama, damu inajikokota kwa kusukumwa tu. Dawa yako imelala kwenye kiwiko! Sukuma maji ya chumvi nyuma yake, halafu inua mkono. Juu! Ushikilie, hesabu mpaka ishirini, dawa iteremke kifuani."

Mwanafunzi akauinua mkono wa mdoli. Ukasimama hewani, vidole vya mpira vimelegea.

Pimatena aligeuka nyuma haraka, akiwa na hakika kwamba wifi amejificha mahali na amempangia mchezo huu. Hapakuwa na mtu. Akasubiri waurudie, nao wakaurudia, na mkono ukainuka vilevile. Hasira ya miaka sita ikamtoka, na ilipotoka ikamwacha mtupu. Kumbe hakuna aliyemwita. Mumewe aliondoka zamani, pengine palepale karakanani, bila hata kwaheri. Hilo lilimuuma kuliko sindano zote alizomhesabia wifi.

Alimkuta wifi kwenye chumba cha wauguzi, akipanga bandeji. Wifi alipomwona alirudi nyuma hatua moja.

"Ule mkono," alisema Pimatena. "Ni wewe uliyeuinua?"

"Ni mimi."

"Mara zote nne?"

"Zote. Daktari alisema inatosha, nikamwomba kichupa kimoja cha mwisho. Sikutaka kuushusha, wifi. Aliushusha yeye daktari."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Duka lilikuwa limefungwa."

Lakini kitu ambacho hakijapimwa bado hakikumwingia Pimatena akilini. Aliketi kwenye benchi, akapandisha mkono wa gauni, akamnyooshea wifi mkono wake.

"Nionyeshe."

Wifi akaushika kiwikoni kwa mkono mmoja na kwenye kiganja kwa mwingine, akauinua, akaanza kuhesabu polepole. Kwenye kumi na nne sauti ikamkatika, machozi yakaanza kumdondoka kwenye sare. Pimatena akaendelea mwenyewe: kumi na tano, kumi na sita. Ilipotimia ishirini, wifi akataka kuushusha.

"Acha hapo hapo," alisema Pimatena, naye sasa analia. "Bado mara tatu."