Visa vya Baba kwa Wafadhili

Dada yangu anafanya kazi ambayo nikimweleza mteja, hunitazama kama namtania. Anakusanya matajiri. Anawakalisha pamoja ili watoe pesa za utafiti wa ugonjwa wa kusahau, ule unaowapata wazee wakaanza kumwita mjukuu kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Ana ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la rangi, ana kadi zenye picha ya ubongo, na ana viatu virefu vya kuingilia kwa watu wenye mazulia. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, nyumbani kwa Baba, na Baba anao huo ugonjwa, huu mwaka wa tatu.

Mtu atasema basi tumegawana kazi vizuri. Tumegawana, ndiyo. Yeye kauchukua ugonjwa, mimi nikachukua mgonjwa.

Lakini kabla sijamsema nimpe haki yake, maana kazi anaijua. Matajiri hawakusanyiki kama watu wa harusi. Mwenye kiwanda cha mabati alikuwa tayari kutoa, ila asikae meza moja na mama mwenye maduka ya dawa, kwa sababu ya kiwanja walichowahi kugombania. Mama wa maduka ya dawa alitaka maabara ipewe jina la mama yake mzazi. Mwenye mabati kusikia hivyo, akasema kwani yeye alizaliwa na nani? Wa tatu, mwanasheria mstaafu, hakutaka jina popote. Alitaka tu ahakikishiwe kwamba dawa itapatikana kabla yeye hajafika umri wa kuihitaji. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na dada alikuwa nao watatu, mmoja wao jike. Na hakuna aliyekubali kutoa mpaka wenzake watoe.

Basi dada ana njia yake. Haombi pesa. Ziara ya kwanza anauliza hali ya mzazi wako, anakunywa maji, anaaga. Ya pili anakumbuka jina la huyo mzazi, na goti lipi linamsumbua. Ya tatu ndiyo anakusimulia habari za Baba.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mtu hatoi kwa ajili ya ugonjwa. Anatoa kwa ajili ya mama yake."

Sasa hizo habari za Baba alizipata wapi, na nyumbani hajakanyaga miezi mingi? Alizipata kwangu. Kila Jumatatu simu inalia kabla sijatia uzi kwenye sindano.

"Haya, nipe kisa."

Nami, mjinga mimi, nampa. Nikamwambia Baba kaweka viatu kwenye friji, halafu asubuhi kanigombeza kwa nini miguu yake inapata baridi. Nikamwambia kavaa koti na tai aende kazini, kwenye ghala la idara ya barabara alikostaafu miaka kumi na tisa iliyopita, na nimelazimika kufuatana naye hadi kona, tukakubaliana kwamba leo ghala limefungwa, tukarudi. Siku nyingine nikamwambia kwamba sasa ananiita bibi fundi, na kwamba ameniuliza kama mume wangu anajua ninashinda kwenye nyumba ya mwanamume. Hapo nilitegemea aniambie pole. Nilichosikia ni kalamu ikikwaruza karatasi.

"Hicho kizuri sana," alisema. "Nitakitumia Alhamisi."

Alikitumia. Nilikuja kujua alivyokitumia pale mteja mmoja aliponiletea kijarida cha wafadhili, kakikuta kwa daktari wa meno. Dada yuko jalada la mbele, kainamisha kichwa, na chini yake imeandikwa: Binti anayemuuguza baba yake. Viatu kwenye friji kavitoa yeye. Hadi kona kaenda yeye. Nilikisoma mara mbili nikijitafuta, sikujiona hata kwenye nukta.

Nikampigia. Sikumsalimu.

"Ningefanyaje?" alisema. "Nikisema mdogo wangu amenisimulia, nani atalia?"

"Njoo basi ukae hata siku moja, iwe kweli."

"Wakishatia sahihi tu, nakuja."

"Dada, nisikilize. Mimi keshanisahau. Wewe bado anakutaja, anamwambia kila mtu binti yake mkubwa ana ofisi ghorofani. Hilo halitakaa. Njoo angali anakujua."

"Wakishatia sahihi," akasema tena, na mimi nikakata simu. Kinyozi hajinyoi, lakini angalau hupita mbele ya kioo.

Ikawa wiki tano. Sahihi zikakwama kwa mwanasheria. Wenzake wawili walikuwa wameshalainika, yeye akasema amesimuliwa vya kutosha, maisha yake yote ameishi kwa ushahidi, basi apelekwe akamwone huyo mzee. Akimwona, atatia sahihi. Asipomwona, kila mtu arudi na mkoba wake. Wale wawili wakasema na wao wanakuja, kwa kuwa hakuna aliyetaka mwenzake afike kabla yake.

Dada alinipigia Ijumaa. Ile sauti ya ofisini hakuwa nayo.

"Wanakuja kesho saa nne. Wanajua mimi ndiye nakaa naye."

"Ni kweli, wanajua."

"Usinifanyie hivyo. Wewe lete chai tu, mengine niachie." Kisha akauliza, "Atanijua, eh?"

Sikuwa na moyo wa kumdanganya. "Sijui, Dada. Wiki ya pili hii hajakutaja."

Ningeweza kumharibia. Kuna siku ningelipa nauli kuona akiharibikiwa. Lakini mtafiti mwenyewe wa huo ugonjwa, mama mmoja mwembamba anayesubiri hizo pesa tangu mwaka juzi, ana maabara tupu na wasaidizi wawili anaowaambia kila mwezi wavumilie. Na mimi utafiti nautaka. Nimefua mashuka ya kutosha kuutaka.

Jumamosi wakaja wote kwa magari matatu, mtu mmoja mmoja kwenye gari lake, mtafiti kwa miguu. Sebuleni kwetu kuna kochi moja. Mwenye mabati na mama wa maduka ya dawa, waliokataa meza moja kwa miaka, wakabanana humo kiwiko kwa kiwiko, kila mmoja akijitahidi asimguse mwenzake. Mwanasheria akachukua kiti cha cherehani yangu. Dada alikuwa amefika nusu saa kabla, akaniuliza vikombe viko wapi, akaniuliza choo siku hizi kinafungwa au la. Mama wa maduka ya dawa alinitazama nikipita na sinia, akamwambia dada kwa upole, "Msichana wako ana adabu. Umempata wapi?"

Dada akamsogezea sukari. Nami nikaendelea kumimina chai, nikimwaga kidogo kwenye sahani ya dada, Mungu anisamehe.

Baba akatoka chumbani amevaa koti na tai. Nilikuwa nimempaka mafuta, anapendeza. Akawasalimu wageni mmoja mmoja kwa mkono, kama mkuu wa ghala anayepokea wakaguzi, akakaa. Dada akasogea, akainama mbele yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Karibu sana." Akamtazama usoni, akamtazama vizuri kabisa. "Wewe ni nani, mama?"

Mwanasheria alikiweka kikombe chini. Dada ana mdomo wa kuwatoa matajiri nje ya nyumba zao, lakini pale uliishiwa. Akashika kile alichozoea kukisema kila siku mlangoni kwa watu.

"Mimi nakusanya wafadhili, mzee. Wa utafiti wa ugonjwa wa kusahau."

"Kazi nzuri. Ugonjwa mbaya huo." Baba alitikisa kichwa. "Una mtu wako anaumwa?"

"Baba yangu."

"Pole sana. Ana watoto?"

"Wawili."

"Na wewe unakaa naye?"

Nilikuwa nimesimama na sinia. Jibu la swali hilo nilikuwa nalo tayari miaka mitatu, nimelifanyia mazoezi juu ya cherehani. Dada akageuka akanitazama mimi, si wao.

"Hapana, mzee. Anakaa na mdogo wangu, huyu hapa mwenye sinia. Ndiye anamwogesha, ndiye anaenda naye mpaka kona. Mimi nina miezi saba sijaja."

Nikasema moyoni, basi, yamekwisha, kila mtu na mkoba wake. Kumbe! Mama wa maduka ya dawa katoa leso, anamnong'oneza mtafiti, "Umemwona anavyomfuata? Hambishii hata kidogo." Mtafiti akaitikia kwamba ndivyo wanavyofundisha, mgonjwa hapingwi, unaingia naye kwenye hadithi yake. Mwenye mabati alikuwa anapenga kamasi. Kwa mara ya kwanza tangu awajue, dada aliwaambia ukweli, na hakuna aliyeuamini.

Dada alikuwa analia. Si kile kilio cha jalada. Alilia vibaya, pua inatiririka, mgongo unatikisika. Hakuna aliyeinuka. Baba ndiye aliyenyoosha mkono, akamshika kiganja akakipapasa.

"Usilie, mama. Kama huyo mzee anaumwa kiasi hicho, hajui hata kama hukuja."

Hasira yangu yote iliniisha hapo hapo. Nilimhurumia dada yangu mpaka nikakosa pa kuweka sinia. Mwanasheria akavua miwani, akaifuta taratibu, akaomba kalamu.