Maji ya Kisima kwenye Boila ya Mjomba

“Na wakati unaitafuta hiyo sababu, utatumia maji gani?”

Mjomba Zefania aliniuliza hivyo uani kwake Makanya. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka wa tatu, nina jibu la kila kitu, na kwa kila jibu la mtu mwingine nina swali.

Mwanangu, sina mvi bado, na huenda tumepishana miaka kumi tu. Lakini umeanza kushika tupa na lehemu, na hili nililipata kwa hasara, kwa hiyo nivumilie nikuite hivyo.

Mjomba alikuwa na karakana nyuma ya nyumba. Humo alitengeneza pampu ndogo za maji zinazoendeshwa kwa mvuke: boila ya shaba yenye ukubwa wa kopo la maziwa, na kijibomba cha kioo ubavuni cha kuonyesha maji yamefika wapi, trei ya spiriti inayowaka chini yake, pistoni ya ukubwa wa kidole gumba, na bomba jembamba linalovuta maji kutoka beseni moja kwenda jingine. Hazikumwagilia shamba lolote. Alizipenda tu, na mimi nilizipenda kuliko alivyojua. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, akatuambia mimi na binamu yangu Elinami: kila mmoja atengeneze yake, na ambaye pampu yake itajaza ndoo bila kusimama ataachiwa karakana na vyombo vyote. Nilikitaka chumba kile. Nilikuwa nimeshapanga hata mahali pa kuhamishia jiliwa la kubania vyuma.

Sharti lake lilikuwa moja. Boila ijazwe maji ya mlimani, ambayo dada yake alimtumia kwa dumu na gari la abiria linaloshuka asubuhi. Ya kisima tuliyanywa, tukapikia na kufulia, ila kwenye boila hapana.

“Kwa nini, mjomba?”

“Ya kisima yanakula boila.”

“Yanailaje?”

“Sijui yanavyoila. Najua yanaila.”

“Hiyo siyo sababu.”

“Sawa, itafute,” akasema, akaendelea kupiga tupa. Ndipo akauliza lile swali la maji gani.

Elinami, aliyeishia darasa la saba, akacheka. “Dada, wewe bisha. Mimi nachota ya dumu.”

Nilibisha kwa vitendo. Wiki nzima ya majaribio nilichota kisimani na kujaza boila yangu bila kumwambia mtu. Kila maji yalipopungua niliongeza mengine juu yake. Pampu ikaenda vizuri. Siku ya tano nilikuwa nimeshajihakikishia kwamba wazee wetu wanarithishana mazoea, wanayaita ujuzi.

Siku ya kushindana, ya Elinami ilianza. Ikajaza ndoo, polepole, inakohoa. Nikawasha yangu. Ilikimbia. Ndoo ilikuwa imefika zaidi ya nusu mjomba aliponyanyua uso. Hakuwa anaangalia, alikuwa anasikiliza.

“Zima, Naelijwa.”

“Bado, mjomba. Kioo kinaonyesha maji nusu.”

“Mlio umebadilika. Zima.”

“Angalia kioo basi.”

Hakuangalia. Aliingiza mkono akaivuta trei, na sekunde hiyohiyo mshono wa chini ukaachia. Mvuke ulimpata kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Alikwenda kwenye pipa la maji, akauzamisha mkono, akaniambia nimletee kitambaa safi.

Jioni Elinami aliipasua boila kwa msumeno. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe mgumu kama sakafu. Ulikuwa umeziba kitundu cha chini cha kioo, kwa hiyo maji niliyoyaona yalikuwa yamenaswa kwenye kioo tu. Boila yenyewe ilikuwa imekaribia kukauka, na lehemu ya mshono imeyeyuka.

“Injinia wa kisima,” Elinami akasema.

Karakana alipewa yeye. Nilipokwenda kumwomba mjomba radhi, aliniambia jambo moja: “Kuuliza hujakosea. Ulijaribia mahali penye mkono wa mtu.” Kovu analo mpaka leo. Mimi nafanyia kazi zangu kwenye kibanda cha kuku nilichokiezua na kukijenga upya huku Same mjini.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikusikie umeacha kuuliza kwa sababu yangu. Uliza. Ila mzoefu akikosa kukueleza sababu, usidhani sababu haipo. Huenda hana maneno yake tu. Fuata anavyofanya huku unachunguza, na uchunguzi wako uufanye pembeni, kwenye sufuria kuukuu, si kwenye chombo kilicho mbele ya watu. Mimi sufuria moja ingenitosha. Mungu akupe mikono mizima hadi uzeeni, na mwalimu atakayekuzimia moto kabla hujamwelewa.

Niliendelea kuitafuta ile sababu. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba jasi, lile jiwe jeupe la kutengenezea plasta, hiyohiyo inayochimbwa Makanya na kulala chini ya visima vyake, haifuati desturi ya sukari, ambayo huyeyuka zaidi kwenye maji ya moto: maji yakishapita uvuguvugu, kadiri yanavyozidi kupata moto ndivyo uwezo wake wa kuyeyuka unavyopungua, kwa hiyo hujitoa ndani ya maji na kuganda kuwa ukoko pale penye moto mkali kuliko pote.