Mke wa Kwenye Tamthilia Alipoishiwa Maneno

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake iko ndani ya saluni yangu, karibu na dirisha. Si msemaji sana, lakini akisema utajua umesemwa. Mteja akimletea kitambaa cha kutosha mtoto akitaka gauni lake mwenyewe, humwambia, "Kitambaa nitakupunguzia, mwili siwezi."

Mumewe ndiye yule ambaye mtaa mzima unamwita Spika. Huchukua tamthilia za kigeni akatia sauti yake kwa Kiswahili: baba, mama, askari, hata mbwa, wote ni yeye. Iliyompa jina ni ile ya mke wa tajiri ambaye mumewe hana habari naye. Spika alimpa yule mke sauti ya puani, na watu wakambandika jina la Bi Kero.

Sehemu mpya ikitoka, saluni kwangu hapakaliki. Mama Mkaa anashikilia kwamba Bi Kero ana kisirani kwa sababu analala na hereni. Muuza mitumba anasema mume ni mzuri wa sura ila miguu ameazima kwa kuku. Lakini moja walikubaliana wote: Bi Kero ana mdomo, aachwe.

Jumapili moja tulikuwa tunafua mashuka, mdogo wangu akaniambia alichomwambia mumewe. "Nimemwambia, siku hizi ukiniita jina langu, nageuka kuangalia unamwita nani." Alisema huku anakamua, uso ameuficha.

Wiki hiyohiyo nikawasha televisheni ya saluni. Bi Kero yuko mezani anakunywa maji, midomo imeganda kwenye glasi, na bado ile sauti ya puani inalalamika: siku hizi ukiniita jina langu, nageuka kuangalia unamwita nani. Neno kwa neno. Saluni nzima ikaangua kicheko. Mama Mkaa alicheka mpaka msuko ukanichomoka mkononi.

Cherehani ikanyamaza. Mdogo wangu akanitazama, akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Hapo ndipo nilipoanza kukumbuka na mengine, ya chakula kilichopoa, ya mama mkwe, yote niliyoyasikia kwake kabla sijayasikia kwa Bi Kero. Yule mwanaume alikuwa anabeba machozi ya mke wake kutoka chumbani anayapeleka kwenye kipaza sauti!

Nilimfuata kwenye kijichumba chake alichokizungushia magodoro kuzuia kelele. Hata hakubisha. Alisema hayo ndiyo watu wanayoyapenda, na kwamba yeye mwenyewe hana kipaji cha kutunga maneno makali vile.

"Kumjibu umeshindwa," nikamwambia, "kumwigiza umeweza."

"Shemeji, hiyo ni kazi tu."

Nilitoka kabla sijampiga na kiti chake.

Mdogo wangu hakugomba. Alifunga mdomo. Chakula mezani, shati limepigwa pasi, neno hakuna. Na Bi Kero naye akapooza. Akawa ni "sawa" na "haya" na "nimesikia", basi. Wateja wangu, walewale waliotaka aachwe, wakaanza kulalamika kwamba tamthilia imechacha. Mama Mkaa akasema labda Spika anaumwa.

Mchana mmoja Spika akaja mwenyewe, akasimama mbele ya cherehani, wateja wote wanasikia.

"Mke wangu, sema basi. Hata unigombeze."

Mdogo wangu alikuwa anapunguza suruali ya mwanaume huyohuyo. Akainua macho.

"Unanitaka mimi, au unamtaka Bi Kero?"

Swali jepesi. Hata mtoto angejua la kujibu. Spika akafikiri, kweli akafikiri, kisha akasema, "Wote wawili."

Hakuna aliyecheka. Mama Mkaa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akamuuliza mdogo wangu polepole, "Kwa hiyo tulikuwa tunakucheka wewe?"

"Mlikuwa mnanicheka mimi," mdogo wangu akamjibu.

Akaikunja ile suruali, mguu mmoja umeshonwa pindo na mmoja bado, akampa mwenyewe. Jioni hiyo alihamia kwangu na sanduku lake.

Wateja siku hizi wanasema Bi Kero alikuwa na haki yake tangu mwanzo. Wanamwambia hivyo mdogo wangu wakija kupimwa nguo. Yeye anaendelea kupima.