Tarehe ya Mama Kuondoka

Kazi yangu ni kujaza fomu za watu. Nina duka la stesheneri Mbinga mjini, jirani na stendi: kompyuta mbili, printa moja yenye kiburi na benchi la wateja. Mikopo ya wanafunzi, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya kazi, vyote hupita mikononi mwangu, na baada ya miaka mingi ya kujaza nimekuwa mjuaji. Sijisifu. Ujuaji huo ndio ulioniponza.

Mdogo wangu yuko Shelisheli, anafundisha hesabu. Mumewe, Mnyasa wa Liuli kando ya Ziwa Nyasa, ni fundi wa injini kwenye meli ya uvuvi, na akiondoka anaweza kumaliza mwezi baharini. Mwaka juzi mimba yao ya kwanza ilitoka mdogo wangu akiwa peke yake katika nyumba ya kupanga. Alitupigia simu siku ya tatu, akatueleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, na mimi nililia kuliko yeye. Mwaka huu aliponiambia kwamba ana mimba ya miezi saba, na kwamba mume atakuwa baharini wakati wa kujifungua, nilijua kinachofuata.

"Dada, namtaka Mama," alisema. "Safari hii siwezi peke yangu."

Mama anakaa kijijini Matiri, kwenye kahawa zake, na alikuwa hajawahi kupanda ndege. Nilimshughulikia pasipoti mpaka ikatoka. Akaniuliza kuhusu viza, maana alikuwa amesikia kanisani jinsi watu wanavyohangaika nayo.

"Kule hawatudai viza, Mama. Ni kupanda ndege na kwenda," nilimjibu, kwa sauti ya kusikika na benchi zima.

Wiki mbili kabla ya safari, wakala wa tiketi akanitumia ujumbe. Ni kweli viza haitakiwi, aliandika, lakini kila mgeni lazima aombe ruhusa mtandaoni kabla ya kusafiri, na bila ruhusa hiyo hapandi ndege. Nilipandwa na hasira. Kama mlango uko wazi, ruhusa ya nini tena? Nikamgombeza kijana wa watu aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho tu. Jioni, hasira iliposhuka, nikaisoma ile fomu yote na nikaielewa. Ilikuwa hodi, ila hodi ya kupigwa ukiwa bado kwako. Wanataka kujua wewe ni nani, unafikia kwa nani, utafika lini na utaondoka lini, ili ukifika wawe wanakutarajia.

Jumamosi Mama akaja na gari la asubuhi, kabeba unga wa ulezi wa uji wa mzazi na usipa mkavu, aina ya dagaa, uliotumwa na mama mkwe wa mdogo wangu kutoka ziwani. Nilimpiga picha mbele ya ukuta mweupe. Akakataa kuvua kilemba, akavua, akadai picha nyingine kwa sababu ile ya kwanza ilimfanya aonekane anadaiwa. Tukajaza jina, namba ya pasipoti, anwani ya nyumba ya mdogo wangu, siku ya kufika. Tukafika kwenye siku ya kuondoka.

"Acha wazi hapo," alisema.

"Haiachwi wazi, Mama. Fomu haiendi mbele. Na tiketi ya kurudi lazima iwepo."

"Naenda kwa mzazi. Nitajuaje siku ya kuondoka na mtoto hajazaliwa?"

Kwetu mama anayekwenda kumuuguza mzazi hataji siku ya kurudi. Mwenye mtoto ndiye humruhusu, akishapata nguvu. Nililijua hilo, lakini nililiona ni jambo la kizamani, tena mashine ilikuwa inanisubiri. Nikajaribu utani. "Mgeni siku mbili, Mama. Ya tatu watakupa jembe."

"Kupewa jembe si kufukuzwa," alisema. "Anayepewa jembe ameshakuwa wa nyumbani."

Akainuka kwenda sokoni. Mimi nikafanya ninavyofanya kwa mteja asiyejua anachotaka: nikaamua mwenyewe. Niliweka tarehe ishirini na nane, wiki tatu baada ya kufika kwake, nikakata tiketi kulingana nayo, nikalipia, nikatuma. Kesho yake ruhusa ikaja. Nikaichapa, nikaitia kwenye bahasha, nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Siku tatu kabla ya safari Mama alirudi mjini na mizigo. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mimi nahudumia watu, akaitoa ile karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua, ila tarakimu zinasomeka kwa lugha yoyote.

"Hii ya kwanza ni siku ya kufika," alisema. "Na hii ya pili?"

Nilijitia kutafuta karatasi za printa. Akauliza tena, taratibu.

"Ni tarehe ya kurudi, Mama. Nimeiweka mimi."

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akaiweka juu ya kaunta upande wangu. "Basi nenda wewe," alisema.

Nilifunga duka mchana ule. Tukiwa wawili tu, Mama aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yangu arobaini na moja. Kati yangu na mdogo wangu kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume. Alipozaliwa, bibi alikuja kutoka Mapera kumuuguza Mama, na palepale mlangoni akasema ataondoka Jumamosi, kwa sababu kahawa zake zilikuwa zimeiva na hapakuwa na mtu wa kuchuma. Jumamosi ikafika. Mama alikuwa bado hawezi kusimama vizuri, lakini siku ilishatajwa, akaona haya kumwambia mama yake abaki. Jumapili mtoto akashikwa na homa. Jumanne wakamzika.

"Ni homa iliyomuua, si Jumamosi," Mama alisema. "Hilo nalijua. Lakini mimi sikuweza kusema baki. Sitaki mwanangu akose kusema baki."

Nilikuwa nimejaza maelfu ya tarehe katika maisha yangu na sikuwahi kufikiri kwamba tarehe inaweza kumziba mtu mdomo. Nikamwomba msamaha. Akasema sawa, lakini haendi kwa tarehe ile, na nilijua haendi kweli. Mawazo yakanirudisha kwenye ile simu ya mwaka juzi, ile sauti ya tangazo.

Nilikaa nikiitazama bahasha. Kisha nikamuuliza, "Mama, mgeni ndiye asiyetaja siku. Mwenyeji je? Mwenyeji akiitaja yeye?"

"Mwenye mtoto akisema, amesema," alijibu.

Nikampigia mdogo wangu, nikaweka simu kwenye spika, nikamweleza yote, pamoja na tarehe niliyoiweka kwa siri na ndugu yetu tusiyemjua. Tulimsikia anapenga kamasi. Alipozungumza alizungumza Kimatengo, lugha ya kwetu, yeye ambaye tangu asome alikuwa akituongelesha Kiswahili tu. Alimwambia Mama akae mpaka mtoto aanze kumchekea mtu usoni. Halafu akaingia kwenye hesabu zake, wiki za kujifungua, wiki sita za mtoto kuanza kucheka, na siku nyingine saba za ziada, "kama akiwa na tabia ya Dada ya kununa." Akanitajia tarehe, na akaongeza kwamba ikifika naye hajawa na nguvu, atasema.

"Utasema?" Mama aliuliza.

"Nitasema baki, Mama."

Mama akanisukumia bahasha. "Andika hiyo."

Nikaandika. Nilibadilisha tiketi, nikaomba ruhusa upya, neno kwa neno, na tarehe ile ya mwenyeji. Asubuhi ya pili simu ikalia: imekubaliwa. Printa ikagoma, kama kawaida yake, nikaipiga kofi, ikatoa karatasi. Mama akaisoma tarakimu moja moja kwa kidole.

Alifika Shelisheli siku kumi na moja kabla ya mtoto. Akiwa bado uwanjani Dar es Salaam alinipigia, akasema dada wa kaunta alimuuliza anarudi lini, naye akamjibu, "Mwanangu amesema," akamwonyesha karatasi. Wakampitisha. Mtoto alizaliwa usiku wa mvua, wa kike, mzima, na mkono ulioshikwa na mdogo wangu wakati wote ule ulikuwa wa Mama.

Alirudi kwa tarehe ileile. Nilimpokea stendi na swali lilikuwa mdomoni. "Mtoto alicheka Jumatano," alisema kabla sijauliza. "Alhamisi nikafungasha."

Nikamsindikiza Matiri. Nimekuwa nikienda kwake miaka yote, na kila mara, kabla hata ya kumaliza shikamoo, huwa nasema gari la saa nane lisiniache. Safari ile niliweka begi ndani, nikamwamkia, nikakaa. Alinitazama, akasubiri. Sikutaja gari lolote. Akaenda jikoni kuinjika maharage, na nilimsikia anaimba.

Siku ya tatu asubuhi nilikuta jembe limeegemezwa kwenye mlango wa chumba nilicholala.