Redio Ndani ya Sufuria

Siku bamkubwa wangu alipoondoka nyumbani kwa hasira, hakuchukua shati wala mswaki, na viatu alivyotoka navyo havikuwa vya jozi moja. Alichukua redio. Akahamia kwenye karakana yake ya bati, akawa analala katikati ya ndoo na majiko, na kila aliyemuuliza alimwambia yuko vizuri kabisa.

Ugomvi wenyewe naona aibu kuusimulia. Mkewe, mamkubwa, dada yake mama yangu, anafanya kazi kwenye kituo cha redio ya setilaiti, ile ya kulipia kila mwezi. Kazi yake ni kufungulia watu na kuwafungia. Ukilipa, anaandika namba ya redio yako kwenye kompyuta. Dishi kubwa lililoko uani linaipandisha amri hadi kwenye setilaiti, nayo setilaiti inaimwaga chini kwa redio zote. Zote zinaisikia, lakini inayotii ni ile yenye namba yake tu. Usipolipa, unafungiwa kwa njia hiyohiyo. Wafanyakazi hawalipi, kwa hiyo nyumbani kwake redio ilikuwa ya bure, na bamkubwa aliipenda kupita kiasi. Jioni moja mamkubwa alikuwa akimweleza jinsi mguu unavyomsumbua, mzee akaongeza sauti ya redio.

"Hii angalau ina kitufe cha kuinyamazisha," akasema.

"Basi nenda kaishi nayo."

Mzee akaenda kuishi nayo.

Sasa, mtu aliyelala miaka yote hiyo na mke wa kazi ile anajua siri zake. Redio iliyozimwa haisikii amri, na iliyofunikwa kwa bati haisikii kitu. Asubuhi ya pili bamkubwa alikuwa na hakika kwamba mkewe amefika ofisini, hata chai hajanywa, anaandika namba ya redio ya nyumbani ili aifunge. Akaizima. Akaitia kwenye sufuria aliyoifua kwa mikono yake mwenyewe, akafunika, akafunga mfuniko kwa waya, na juu yake akaweka nyundo.

"Bamkubwa, sasa unasikilizaje?" nilimuuliza.

"Sisikilizi."

"Sasa faida yake nini?"

"Haijafungwa!" Akaipapasa ile sufuria. "Redio hii bado ni ya nyumba ile, mwanangu. Siku ikifungwa, na mimi nimefungwa. Hiyo ndiyo talaka yangu, na sitaki kuisikia."

Nilicheka, halafu nikaona macho yake, nikaacha.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi sikuwa na jembe, ndiyo maana wakanifanya mjumbe. Nilikuwa nikitoka kwa mmoja naenda kwa mwingine nimebeba maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mamkubwa anauliza kama mwenzake anakula. Bamkubwa anajibu kwamba swali hilo ni mtego. Wateja wa karakana nao walishazoea. Mwanamke mmoja alikuja kununua sufuria, akaipenda ileile, akataka kuifungua aitazame ndani. Mzee aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Yule mama akaondoka akiwaambia watu kwamba fundi amefuga nyoka.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna sufuria ingeweza kulizuia. Mamkubwa aliniita kazini kwake, kwenye chumba chenye baridi kali ambamo yeye huvaa sweta mbili na kujifunika kanga magotini. Setilaiti ilikuwa imezeeka, akaniambia. Kituo kinahamia kwenye nyingine mpya, na kila redio lazima iwashwe mahali peupe, antena ikitazama juu, ipokee amri mpya. Mwisho ni Ijumaa. Ikishapita, ambayo haikusikia itabaki bubu, na hakuna fundi wala mganga atakayeiponya.

"Mwambie aiwashe," akasema.

"Atauliza kama umemfungia."

"Mambo ya ofisi hayatoki ofisini."

"Mamkubwa, niambie ukweli. Umemfungia?"

Akavuta sweta, akageukia kompyuta yake. "Mwambie aiwashe," akarudia, na sauti yake haikuwa ya ofisini hata kidogo.

Bamkubwa alipoyasikia hayo alikaa chini juu ya ndoo. Akaanza kupiga hesabu kwa sauti. Akiiwasha, ataipata talaka. Asipoiwasha, redio itakufa yenyewe na talaka itakuwa palepale. Akauliza kama inawezekana kuiwasha nusu. Akauliza kama antena inaweza kuisikia amri moja na kuikwepa nyingine. Nilimwambia hapana. Akaniambia mimi ni kibaraka wa setilaiti. Sikio la kufa halisikii dawa, nikaenda zangu, nimechoka nao wote wawili.

Lakini Ijumaa mchana nilirudi. Nilimkuta amesimama nje ya karakana amevaa shati safi, sijui alilitoa wapi. Sufuria ilikuwa juu ya meza katikati ya uwanja, na majirani wamejipanga ukutani kama walioitwa msibani. Muuza mkaa alivua kofia. Bamkubwa alikata waya kwa koleo, akafunua, akaitoa redio, akaielekeza antena juu. Akawasha.

Redio haikutoa sauti, ilikuwa bado inaitafuta setilaiti mpya. Mzee akafumba macho.

"Bamkubwa, soma," nikamwambia.

Redio zile zina kioo kidogo ambacho kituo kinaweza kukiandikia maneno. Mamkubwa alikuwa amemwandikia. Baadaye wenzake waliniambia kwamba amri ya kufunga hakuwahi kuituma, ila maneno hayo aliyatuma kila siku, asubuhi na mchana, tangu siku ile ya pili, na kila mara setilaiti iliyamwaga nchi nzima, yakigonga bati la sufuria na kuishia hapo.

PAA LA JIKONI LINAVUJA. ANATAKIWA FUNDI.

Bamkubwa alisoma mara mbili. Akatazama juu. Mbingu ilikuwa kavu, mvua ilikuwa haijanyesha tangu alipoondoka.

"Maji hayana adabu," akasema, machozi yakimtiririka mbele ya majirani. "Nipe nyundo yangu."

Alipofika nyumbani, hakusalimia wala hakuulizwa alikuwa wapi. Mamkubwa alileta ngazi, akaishika, mguu wake ukiwa bado unamuuma. Mzee akapanda juu ya paa zima kabisa, lisilo na kasoro, akapigilia misumari jioni nzima akitafuta pa kuziba. Huku chini mamkubwa alikuwa akimsimulia habari za mguu tangu mwanzo, na kila alipokuwa akiongea nyundo ilinyamaza.

Misumari ile ndiyo iliyolitoboa paa. Mvua ya kwanza iliponyesha, jiko likavuja kwelikweli, na sufuria ya bamkubwa ndiyo iliyotegwa chini ya tone. Mpaka leo ipo hapo. Niliwahi kujitolea kuliziba tundu lile kwa lami, kazi ya dakika tu, na mamkubwa akanitoa jikoni kwa mwiko.

"Liache," akasema. "Likizibwa, fundi atakuwa amemaliza kazi."